Upande wa Pili wa Kanda ya Salome

Rukia alinikuta jikoni nasonga ugali. Akavua viatu mlangoni kama alivyofunzwa kwao, akasema, "Shikamoo bibi," nikaitikia marahaba bila kugeuka, maana ugali ukishaanza kushika haumsubiri mgeni. Nilipogeuka nikaona mwanamke mzima, baibui jeusi, mkoba wa kazini begani, na pua. Pua ile naijua. Nikamwambia, "Wewe wa Bi Kidawa wewe." Akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo kwenye kicheko, akasema ndiyo, mjukuu wake, na bibi yao wamemzika mwezi uliopita. Nikamjibu kwamba najua, nilikuwepo, nilikaa mkeka wa mbele kabisa na sikujificha, ila mwenye msiba haoni nani kaja. Ndege ikapita. Hapa Kiwalani kila mazungumzo yanasimama ndege ipite, kwa hiyo tukatazamana tu mpaka bati likaacha kutetemeka. Kisha akasema kilichomleta. Katika ukoo mzima hakuna mwenye sauti ya bibi yao. Picha wanazo, sauti hawana, maana mama yule aligoma kurekodiwa mpaka anaingia kaburini. Simu ikiinuliwa tu, anajifunika kanga usoni na kufunga mdomo. "Lakini mama anasema wewe unayo, bibi. Kwenye kanda ya zamani. Anasema bibi alikuwaga akiikumbuka hiyo kanda anakasirika mpaka anaacha chai."

Anaacha chai! Nilifurahi mie, siwafichi. Miaka yote hiyo na hasira haikupoa.

Kanda ninayo. Imo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na hati ya kiwanja na meno ya kwanza ya wanangu. Lakini sikuishusha pale pale. Nilimkalisha Rukia, nikamtilia ugali na mchicha wa nazi, nikamwambia ale kwanza, kwa sababu mambo ya Bi Kidawa hayasikilizwi na njaa. Na wakati anakula nikamhadithia mwaka ule, na leo nauandika. Shule niliishia darasa la nne. Haya ananiandikia mjukuu wangu Nasra kwenye simu yake, na nimemkataza kunilainishia maneno. Kila mara anauliza, "Bibi, niandike hivyohivyo?" Andika hivyohivyo.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Temeke, nyumba ya Bi Kidawa, chumba cha mwisho uani, kile kinachopakana na choo. Kilikuwa na dirisha moja la mbao linaloangalia ua, kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na harufu ambayo baada ya wiki unaacha kuisikia. Nilikuwa sijafika miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa na vitu viwili, mkeka wangu na redio kaseti yangu niliyoinunua kwa kuuza vitumbua. Watu walisema nimeachwa. Sikuachwa. Talaka niliidai kwa mdomo wangu, nikakaa kwenye kizingiti cha ukweni mpaka ikaandikwa, na walivyonipa maji ya kunywa nikanywa na nikaendelea kukaa. Lakini nenda ukaieleze mitaa. Kwa mitaa mwanamke haachi, anaachwa, na akishaachwa ana jina lake, mtalaka, na jina hilo lina sheria zake.

Sheria hizo aliyezishika ni mwenye nyumba. Bi Kidawa alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi wa kung'aa, mwenye pua hiyo niliyoisema na sauti ya kupasua korosho. Akisema uani, nyumba ya tatu wanaitikia. Kwa haki yake niseme hili: alinipa chumba siku ileile niliyobisha hodi, hakuniuliza mume yuko wapi wala nani atanidhamini. Aliniangalia, akaangalia mkeka, akasema, "Choo kinaoshwa kwa zamu. Zamu yako kesho." Basi, nikawa mpangaji. Lakini shughuli ilipotokea, mtalaka hakuwa mtu. Mtalaka hagusi bibi harusi. Hatii mkono kwenye chakula cha harusi, hatandiki kitanda cha harusi, hashiki hina. Anatia mkosi. Nilishawaona wenzangu wa mitaa ile wakikubali. Siku ya shughuli wanajifungia ndani, wanachungulia kwenye upenyo wa mlango, wanapelekewa pilau kwenye sahani iliyofunikwa kama wagonjwa. Na wanashukuru! Mie pilau la kufunikiwa sikulitaka.

Vyumba vya mbele walikaa wazazi wa Salome, watu wa bara, Wakristo, baba karani, mama mpole mwenye mikono mikubwa. Salome alikuwa anauza duka la vitambaa na ndiye aliyekuwa shoga yangu. Jioni tulikuwa tunakaa kizingitini kwangu tunakula mihogo ya kukaanga na kusikiliza redio, na yeye ana tabia ya kuimba wimbo kabla haujafika, mpaka unamwambia hebu mwache mwenyewe aimbe. Akapata mchumba. Ndoa kanisani Jumamosi, na Alhamisi yake, alasiri, shughuli ya wanawake palepale uani. Siku hizi mngeiita kitchen party mkakodi na MC. Sie tuliita shughuli tu. Bendi hakuna uwezo, kwa hiyo muziki ni kanda. Salome akaja chumbani kwangu, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Tatu, kanda ya shughuli yangu urekodi wewe. Upange nyimbo unavyojua."

Nikamwuliza, "Bi Kidawa kasikia?"

"Kwani anaolewa Bi Kidawa?"

Alikuwa amesikia. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, akasimama na kata ya maji mkononi. "Tatu, watu wamekutuma kitu kizito. Kataa mwenyewe kwa heshima, mie nitamwambia mkwe wangu arekodi. Yule yuko ndani ya ndoa, mkono wake mwema." Nikamwambia mkwe wake hajui hata upande wa kuingizia kanda. Akasema, "Atafundishwa." Nikasema, "Basi nitamfundisha mwakani, mwaka huu nina kazi." Alinitazama, akamwaga yale maji chini kana kwamba alitoka kwa ajili ya kuyamwaga, akaenda zake. Nikajua chumba changu kimeanza kulegea bawaba.

Vijana mnaopanga nyimbo kwenye simu, mnaburuta kwa kidole na ikikataa mnaburuta tena, hamjui ile kazi. Kanda ya saa nzima ina nusu saa huku na nusu saa huku. Wimbo ukishauweka umeuweka. Ukitaka kubadili wa pili, umeharibu wa tatu. Kwa hiyo unapanga kichwani kwanza, unapanga ukiosha vyombo, unapanga ukiwa chooni. Na shughuli ina utaratibu wake. Wimbo wa kwanza ni wa mama mzaa chema, hata kama wewe huupendi. Yeye ndiye aliyeteseka, kwa hiyo mama Salome alistahili kwaya yake ya kwao, ile ya sauti nzito za wanaume, na wanawake wa Kiislamu wote wa uani wangekaa waisikilize kwa adabu. Baada yake unaweka polepole, wimbo ambao wazee wanaweza kuucheza wamekaa, kwa mabega. Ndipo dansi, vijana waamke. Wa kumtoa bibi harusi ndani unakaa mwisho wa upande wa kwanza, watu wakiwa wameshatoka jasho. Halafu watu wanakula. Na taarabu ya mipasho, yale maneno ya kurushiana, haiji kabla ya chakula hata siku moja. Watu wakigombana na njaa hawapatani tena, wakigombana wameshiba wanaishia kucheka. Na kubwa kuliko yote, wimbo haukatwi katikati. Upande ukiisha na mtu bado anaimba, sauti ikakatika vile kama kuku kachinjwa, ni mkosi, na ndoa imekatwa. Hilo alinifundisha Bi Kidawa mwenyewe, kwenye harusi ya mwanzo niliyoiona nyumbani kwake, alipompigia kelele fundi muziki mpaka akarudisha wimbo mwanzo. Nililichukua. Jambo jema hata likitoka kwa asiyekupenda unalichukua.

Mashine nilikuwa nayo, lakini si yangu. Nilikuwa nafanya kazi mjini kwa Bi Sakina, mke wa mfanyabiashara wa mabati, Wahindi wa Kishia. Nafua, nachambua dengu, napiga pasi. Sebuleni kwao kulikuwa na bembea ya mbao imening'inizwa kwa minyororo ya shaba, na pembeni yake redio kubwa ya deki mbili, ile unayoweka kanda mbili, moja inaimba nyingine inameza. Bi Sakina alinipa ruhusa nikishamaliza pasi nirekodi, na yeye akikaa kwenye bembea anasikiliza na kutoa kasoro. "Nyimbo zenu hizi, Tatu, kila mtu anamgombeza mtu. Hakuna aliyefurahi hata mmoja?" Nikamwambia, "Bi mkubwa, huyo anayegombeza ndiye aliyefurahi." Akacheka mpaka bembea ikasimama. Upande wa kwanza niliumaliza hapo, safi, hakuna mchakacho hata mmoja. Nilikuwa napima utepe uliobaki kwa ukucha kwenye kidirisha cha kanda, na wimbo wa kumtoa bibi harusi ukaisha, ikabaki nafasi ya pumzi moja, redio ikajizima.

Upande wa pili nikasema nitaanza Jumatatu. Jumatatu nafika, nakuta redio imefunikwa kitambaa cheusi, minyororo ya bembea imefungwa kamba isibembee, na Bi Sakina kavaa nyeusi tupu, masikio hayana hereni. Mwezi wa Muharramu ulikuwa umeandama, mwezi ambao Mashia huwalilia mashahidi wao.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "nimebakiza upande mmoja tu."

"Tatu, nyumba hii ina msiba. Muziki mpaka miezi miwili ipite."

"Hata kwa sauti ndogo?"

"Msiba hauna sauti ndogo."

Mie mbishi lakini siyo punguani. Mtu na msiba wake, hata uwe wa kale namna gani, huingii na ngoma. Nikapika nilichopangiwa kupika, kichri, ule wali wa dengu, na mtindi, nikasaidia kutandika shuka nyeupe sebuleni kwa ajili ya wanawake watakaokuja kulia, na moyoni nahesabu nyimbo. Salome ilikuwa inabidi aolewe, na Jumamosi ya kanisani haisogezwi kwa sababu ya redio.

Ilibaki njia ya kimaskini, redio kwa redio. Nikaazima ya baba yake Salome, nikaziweka mbili kitandani uso kwa uso kama wambeya wananong'onezana, moja inaimba, ya kwangu inasikiliza kwa kijitundu chake cha kunasia sauti. Betri nilizianika juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu. Dirisha nikaliziba kwa blanketi, mlango nikausukumia ndoo, na joto la mle ndani lilikuwa la tanuri la mkate. Kazi hiyo ina namna yake. Ukiizima inayorekodi kila wimbo unapokwisha, inapiga tak kama kofi, na shughuli nzima inasikia makofi. Kwa hiyo huizimi. Unaiacha inameza kimyakimya, wewe haraka unachomoa kanda hii unatia ile, unatafuta mwanzo wa wimbo, unaendelea. Watu uani nilishawaomba wanyamaze. Watoto walinyamaza. Kuku alijitahidi.

Wimbo wa kwanza ukaisha vizuri. Nikachomoa, nikatia nyingine, ikakwama, nikawa naikwamua kwa kalamu, jasho linanidondokea machoni. Na nje, chini ya dirisha langu hasa, Bi Kidawa kakaa na ungo anachambua mchele na jirani yake. Blanketi linazuia jua. Halizuii Bi Kidawa.

Salome aliporudi kazini nikamwambia njoo usikie. Tukakaa kwenye mkeka, tukarudisha. Wimbo ukaimba, ukaisha. Kikaja kimya, kuku, mchele unapigwapigwa kwenye ungo, chwa, chwa, na halafu sauti hiyo, wazi kuliko mwimbaji mwenyewe: "We subiri uone. Pilau linapikwa na watu wa bara, wali umetiwa majani ya chai basi pilau hilo. Kanda inarekodiwa na mtu aliyeachwa, hata uji hajui kukoroga ndiyo maana kaachwa. Sasa hiyo harusi au matanga?" Na kicheko, hahaha, kirefu, cha mtu anayejua amesema vizuri.

Salome akajiziba mdomo kwa viganja viwili. "Futa, Tatu. Mama akisikia atalia."

"Nitafuta. Shughuli yako, ukisema futa nafuta." Lakini kidole sikukipeleka. Nikamwambia, "Ila jua jambo moja, shoga yangu. Nikifuta hapa, uani hayafutiki. Yatatembea nyumba kwa nyumba, mama yako atayapata kwa vipande, kila mtu ameongeza chumvi yake. Hapa angalau yako yote pamoja, na mwenyewe yupo."

Akang'ata ukucha. Nje Bi Kidawa alikuwa anamfukuza kuku kwa sauti ileile, mpaka ikawa kama kanda bado inaimba. Kisha Salome akauliza, "Hapo baada yake ulikuwa umepanga kuweka wimbo gani?"

"Ule wa majirani wema."

Tulitazamana. Alianza yeye, nikafuata mie, tulicheka mpaka tukalala kwenye mkeka kifudifudi tunang'ata ukindu tusisikike. Aliponyanyuka alikuwa anafuta macho. "Toa majirani," akasema. "Weka ule wako."

Wangu ulikuwa wimbo wa kikundi cha wanawake wa hukohuko mitaani, haujawahi kupigwa redioni, kanda yake ilikuwa inazunguka kwa kuazimana. Mwanamke anaondoka kwa mume, na haondoki usiku wala halii. Anakunja kitu chake mchana kweupe na kuaga majirani. Kiitikio chake nitakufa nacho: *Kaa na nyumba yako, mie nina mkeka wangu, penye kivuli nitautandika.* Nikarudisha utepe kwa kalamu, nikautega pale palipoishia kicheko, siyo kabla siyo baada, nikabonyeza. Nilijua ninachokifanya. Nilijua chumba sitakuwa nacho tena, na sikuwa na kwingine pa kwenda. Sikuogopa. Nasra anauliza kama kweli sikuogopa. Andika.

Alhamisi ikafika. Ua ukafagiwa, mikeka ikatandikwa, wanawake wakaja na sare ya kanga moja, ya maembe ya njano. Mama Salome alikuwa amepika tangu alfajiri, masufuria mawili ya pilau, na hakuruhusu mtu amshikie mwiko. Bi Kidawa alikalishwa kwenye kiti cha mbao, mahali pa mwenye nyumba. Nami nikatoka chumbani na sare yangu, nikapita katikati ya mikeka yote, nikakaa pembeni ya redio.

"Tatu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "chumbani kwako pana joto?"

"Pana joto, Bi Kidawa. Na redio ni yangu, haijui kujiwasha."

Wengine wakainama kufunga kamba za viatu ambavyo hawakuvaa. Nikawasha. Kwaya ya wanaume ikajaa uani, na mama Salome, aliyekuwa amesimama na mwiko, akakaa chini palepale kwenye kinu akaanza kulia kwa raha, na akina mama wa Kiislamu wakamtolea kanga wamfute. Ikaja ya wazee, mabega yakacheza. Ikaja dansi, vijana wakavunja mkeka mmoja. Wimbo wa kumtoa Salome ukamtoa Salome, na aliponikaribia alinishika mkono mbele ya watu wote, mkono wa mtalaka na mkono wa bibi harusi, akanivuta tukacheza wote. Nilisikia mtu anaguna. Hatukuachana. Wimbo ukaisha wenyewe, pumzi moja, tak.

Wakala. Nilimwona Bi Kidawa. Alikula sahani, akatazama masufuria, akaletewa ya pili, akaimaliza hiyo nayo na kulamba kidole. Ndipo nikageuza kanda.

Wa kwanza wakaucheza. Ukaisha. Kimya, kuku, chwa, chwa. Mtu akasema, "Imekwama?" na Bi Kidawa akajibu, siyo yule wa kwenye kiti, yule wa kwenye redio: "We subiri uone." Nakwambieni, ua mzima uliganda, hata mtoto aliyekuwa ananyonya aliachia ziwa. Majani ya chai yakasemwa. Uji ukasemwa. Matanga yakasemwa. Kicheko kikatoka, hahaha, kirefu, na kabla hakijafika chini mwanamke wangu akaanza kuimba.

Aliyeinuka wa kwanza ni mama Salome. Mama yule mpole. Alichota pilau sahani ya tatu, akaipamba na nyama juu, akavuka mikeka, akaiweka kwenye mapaja ya Bi Kidawa. "Ongeza, dada," akasema. "Majani ya chai bado yapo." Uani pakalipuka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana, mmoja alitoka nje kabisa akacheka barabarani.

Mwingine angekimbia. Mwingine angesema amesingiziwa, redio za siku hizi zinasema uongo. Bi Kidawa aliiweka sahani chini taratibu. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni upya. "Sauti ni yangu," akasema. "Nilisema. Nani anadhani naogopa?" Akaingia katikati, akaja mpaka mbele yangu, akaanza kuucheza wimbo wangu. Nami nikasimama. Tulicheza uso kwa uso, yeye na pua yake, mie na mkono wangu wa mkosi, hakuna aliyecheka, hakuna aliyeangalia chini, na wanawake wote wametuzunguka wanaitikia mkeka, mkeka. Sijawahi kucheza hivyo tena, hata kwenye harusi za wanangu.

Asubuhi alikuja mlangoni na ile kata ya maji. "Mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

"Mzigo nimeshafunga."

"Nilijua utakuwa umefunga," akasema, na nusura nidhani anatabasamu. Hatukusemeshana tena mpaka amekufa. Nilihamia Kinondoni kwenye banda la uani la mshona magodoro, na wanawake wa Temeke wakanifuata hukohuko na kanda zao tupu, wengine watalaka, waliotaka kutoka nje siku za shughuli. Nilirekodi mpaka kanda zilipokufa, na wanangu walikula humo. Miezi miwili ilipopita Bi Sakina akatoa kitambaa cheusi, akasema nilete upande wangu wa pili tuusafishe kwenye mashine, tutoe kuku na makelele. Nikamwambia huo hausafishwi. Kanda yenyewe Salome alinipa siku nahama. Yuko Sinza sasa, ana wajukuu, magoti yanamsumbua, na bado anaimba kabla wimbo haujafika.

Rukia alikuwa amemaliza ugali. "Bibi," akasema, "sitaki kukukosea. Naomba sauti tu. Haya maneno nitayakata kwenye simu, ni rahisi. Nibakize pale anapocheka."

"Mnataka bibi asiyesema?" nikamwuliza. "Picha si mnazo."

Nikashusha kopo. Redio yangu bado inafanya kazi, mkanda wake wa ndani nimeubadili mara nyingi kuliko meno. Nikamwambia aweke simu mbele yake, uso kwa uso, na asiizime mpaka nimwambie. Nasra akaambiwa afunge mdomo. Wimbo wa kwanza ukaimba, ndege ikapita katikati yake, nikasema iacheni, nayo iingie. Kikaja kimya. Kuku wa Temeke, ameshaliwa zamani. Chwa, chwa. *We subiri uone.* Rukia akajiziba mdomo kwa viganja viwili, sawasawa na Salome, na mabega yakaanza kumtikisika. "Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe. Hivyohivyo ndivyo alivyokuwa akitusema." Kicheko kikatoka, kirefu, na juu yake mwanamke wa mkeka akaanza.

Rukia akanyoosha kidole azime simu. Nikamshika mkono.

"Wimbo haukatwi katikati."

"Kwani nani kasema, bibi?"

"Huyo uliyemfuata."

Akarudisha mkono, akaupakata. Tukakaa, mie na pua ya Bi Kidawa, tukamsikiliza yule mwanamke mpaka akafika kivulini, akatandika, na redio ikajizima yenyewe.